Beringi Iliyolishwa Mafuta ya Kondoo

Kama umewahi kupanda barabara ya Mombo kwenda Soni, unazijua kona zake. Hazikuachi uwaze mambo yako. Mwezi uliopita niliipanda peke yangu, mstaafu mwenye magoti mabovu ndani ya gari lenye umri wa kustaafu, na kabla sijafika nusu ya mlima nikaanza kusikia mvumo. Ulikuwa mvumo wa chini chini, wa kung'ang'ania. Nikikata kona ya kushoto unaongezeka, nikikata ya kulia unapungua. Nikazima redio. Sikuhitaji mtu wa kuniambia ni nini, maana ukikata kushoto uzito wote hulalia kulia, na kinacholia ni kile kilicholemewa. Beringi ya mbele kulia ilikuwa imekwisha.

Pale Soni, nyuma ya meza za kabichi na karoti, nilimpata fundi kijana. Alinipa shikamoo yangu vizuri, nikamwambia ugonjwa na upande wake. Akatabasamu kwa namna ambayo vijana huwatabasamia wanawake wa umri wangu wanapozungumzia magari. Akaliendesha kidogo kwenda na kurudi, na aliporudi tabasamu halikuwepo.

"Mama, umejuaje?"

"Baba yangu alikuwa dereva," nikamjibu, nikakaa kwenye benchi lake.

Aliifungua beringi, akaigonga ikatoka, akapachika mpya, akafunga. Chai niliyoagiza haikuwa imepoa. Ile ya zamani akaitupa ndani ya pipa la vyuma vikuukuu, ikalia juu ya wenzake. "Hizi za siku hizi hazidumu, mama," akasema huku anapangusa mikono. "Kwa barabara za huko juu, ukipata mwaka mshukuru Mungu." Mimi nilikuwa nalitazama kopo lake la grisi. Kopo zima, limejaa, limeachwa wazi juani kana kwamba ni kitu cha kawaida. Nilichoka ghafla, uchovu ambao haukutokana na safari.

Nilikuwa naelekea nyumbani, upande wa Mtae, kwenda kuhamisha vitu vya marehemu baba kutoka ghalani. Mdogo wangu ameamua kuibomoa nyumba ya zamani, pamoja na ghala lake, ajenge ya matofali ya saruji. Sikumlaumu. Nyumba ile ya miti na udongo ilishaanza kuegemea upande mmoja, na baba, ambaye pengine angeitetea, tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia.

Nikuambie basi kuhusu baba. Enzi zile za Ujamaa, tulipopangwa mstari ukingoni mwa mlima, nyumba kwa nyumba, kijiji chetu kilipata lori. Lilikuwa la wote. Hata mlevi asiyewahi kulipanda aliliita "gari letu", na lilipokwama kwenye tope watu waliacha majembe wakaja kulisukuma huku wanaimba. Dereva alikuwa baba. Alishusha kabichi, viazi na mapeasi hadi Mombo, akapandisha chumvi, sabuni, mabati na wagonjwa waliopona. Wale ambao hawakupona aliwapandisha pia, polepole, taa zikiwaka mchana.

Jioni, akisharudi, kazi ilikuwa haijaisha. Aliinua gurudumu la mbele kwa jeki, akashika tairi juu na chini, akalitikisa. "Likicheza, beringi imeanza kuaga," alikuwa akisema. Kisha alilizungusha, akachukua kijiti kikavu, ncha moja akaigusisha kwenye kitovu cha gurudumu na nyingine akaiweka sikioni. Nami nilikuwa nadai zamu yangu. Beringi nzima ilitoa sauti ya mtu aliyelala vizuri. Iliyochoka ilisaga, kama bibi na jiwe lake la kusagia ulezi. Nilikuwa na miaka tisa au kumi nilipoanza kuzitofautisha, na wasichana wenzangu waliniona kichaa.

Mara kwa mara aliifungua kabisa, akaiosha kwa mafuta ya taa ndani ya bakuli la mama. Mafuta ya taa yenyewe yalikuwa ya kupanga foleni, na kuna jioni tulikula makande gizani kwa sababu taa ya nyumba ilikuwa imeosha gari la kijiji. Mama alinuna. Baba alikula, kisha akasema gizani, "Barabara ikituua, taa itamwangazia nani?"  Makande yalikuwa na magadi mengi siku ile, hilo nalikumbuka.

Alikuwa na misemo yake ya beringi, na yote tuliisikia hadi tukaichoka. Beringi mpya usiiweke kwenye kikombe cha zamani, ile pete ya chuma inamozungukia, watagombana hadi wote wafe. Maji huiua polepole, ukosefu wa grisi huiua upesi. Na ule alioupenda kuliko yote, wa kukaza nati: "Ukiibana sana itaungua, ukiilegeza sana itacheza." Ule aliutumia hata kwenye malezi. Mama akitaka tuchapwe, aliunena. Jirani akisema watoto wake wamezidi uhuru, aliunena pia. Alituambia kwamba beringi ya tambarare hufa kwa uzee, lakini ya kwetu hufa kwa kazi: kona, mito, mawe na mizigo ya kupita kiasi.

Basi ikaja miaka ile ya kukosa. Wewe wa rika langu unaijua. Sukari ilikosekana, sabuni ilikosekana, tukafulia majivu. Spea ndiyo usiseme. Beringi ya mbele kulia ilianza kuaga kabla ya mvua za vuli, baba akaandika maombi, akaambiwa asubiri. Akaandika tena. Akaifungua akatuonyesha: vyuma vyake vidogo vya mviringo vilikuwa vimeingia vishimo, na kikombe chake kimepata mikwaruzo. "Kwa grisi nzuri, na kwa mwendo wa pole, itatembea kidogo," akasema. Tatizo, grisi nayo ilikwisha. Alikwenda Lushoto kwa miguu na lifti kuitafuta, akarudi na kopo tupu.

Ndipo ikaja barua yangu. Nilikuwa nimechaguliwa kwenda kidato cha kwanza, shule ya bweni huko Tanga, msichana wa kwanza kutoka kijijini kwetu. Mwalimu mkuu aliileta mwenyewe hadi uani, akaisoma amesimama. Mwisho wake ilisema kwamba asiyeripoti katika siku saba za mwanzo, nafasi yake itapewa mwingine. Ilikuwa imetangatanga njiani muda mrefu, na siku zilizobaki zilikuwa tatu. Basi lililokuwa likija Mtae lilikuwa limelala juu ya mawe huko Lushoto, linangoja spea na wenzake. Lililobaki ni lori, nalo halikuwa na grisi.

Sikulia mbele za watu. Nililia shambani, katikati ya kabichi, nikiwa nimeinama kama ninayepalilia. Nilijua wazi kwamba nisipofika, mwaka ule ule nitatafutiwa mume. Si kwa ubaya, ndivyo ilivyokuwa. Tayari kulikuwa na mzee aliyekuwa akimsalimia baba kwa heshima iliyozidi kipimo.

Bibi, mama yake baba, ndiye aliyepata dawa. Bibi hakujua kusoma, na Kiswahili alikiongea pale tu alipolazimika. Nyumbani yote yalikwenda kwa Kishambaa. Alikuwa na kopo lake la mafuta ya mkia wa kondoo. Mafuta yale tulipakwa kifuani tukikohoa, yeye alipaka visigino vilivyopasuka, na mlango wake ulipakwa bawaba. Kijiji kizima milango ililia, isipokuwa wa bibi. Alilileta kopo kwa mikono miwili, akalisimamisha mbele ya baba, na watu wawili watatu waliokuja kutazama gari wakasogea karibu.

"Mama, haya ni ya kula," baba akasema.

"Na chuma nacho kinakula, mwanangu," bibi akajibu. "Mpeleke mtoto shule."

Baba aliyachota kidogo, akayasugua kati ya vidole. Asubuhi ile ukungu ulikuwa bado umelala juu ya paa, na baridi ya ukingo wetu unaijua hata Januari. Mafuta yalikuwa meupe, mazito, yanashika. Yeyote wa kwetu juu angesema hii ni grisi hasa. Baba alinitazama mimi, akamtazama mama yake. Sijui ni mwana gani wa Kishambaa angeyarudisha yale mafuta mbele za watu. Akayapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaipaka beringi mpaka ikajaa, akafunga nati. Aliikaza, akailegeza robo, akaikaza tena kidogo. Bibi alisimama pale hadi mwisho. Gurudumu lilipozungushwa halikutoa sauti, akacheka, na vicheko vya bibi vilikuwa vya kuhesabu.

Tuliondoka alfajiri ya kesho yake, na kabichi na mapeasi ya kijiji kizima mgongoni, na sanduku langu la bati katikati. Hadi Lushoto lilikwenda vizuri. Baba aliimba tenzi za kanisani, jambo ambalo hakuwa akilifanya kazini. Soni tulisimama, akashuka, akaweka kiganja kwenye kitovu cha gurudumu, akakaa hivyo kama anayepima homa ya mtoto. Alichota maji akalimwagia. Akarudi kwenye usukani na hakuimba tena.

Zile kona za kushuka unazijua. Kila kona hewa inabadilika, unavua sweta, unafungua dirisha. Tulipokaribia chini, joto la Mombo likatupokea usoni, na hapo hapo nikasikia harufu tamu ya nyama. Nilikuwa sijala tangu asubuhi. Mate yakanijaa.

"Baba," nikasema, "kuna watu wanachoma kondoo."

 Nilipomtazama niliona jasho linamshuka kutoka kwenye kofia hadi shingoni. Akapunguza mwendo, akapunguza tena. Kisha kikaja kile kilio, na hapakuhitajika kijiti wala sikio la mazoezi. Chuma kilikuwa kinakula chuma. Tulikuwa tumeshaikanyaga tambarare, nyumba za Mombo zinaonekana, wakati gurudumu lilipolala upande na lori likakita pua pembeni mwa barabara.

Mafuta ya bibi yalikuwa yameyeyuka yote. Yalitiririka kwenye tairi, yakadondoka vumbini, na mbwa wawili wa barabarani walishafika. Beringi ilikuwa imeganda kwenye ekseli, vimekuwa chuma kimoja, cheusi. Baba alipiga magoti akaitazama. Alikuwa mtu aliyejua joto la Mombo miaka yote ile, na alijua mafuta ya kondoo hufanya nini penye joto. Nilimwona akijua. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona mtu mzima amekosea na hana wa kumwambia.

Hakupoteza muda lakini. Alisimamisha basi la kwenda Tanga kwa kusimama katikati ya barabara, akapandisha sanduku langu juu mwenyewe. Tulipoagana nilinyoosha mkono, akautazama wake uliojaa masizi na mafuta, akautazama ukosi wa sare yangu mpya. Akaninyooshea kifundo cha mkono, nikakishika. "Soma," akasema. Kupitia dirisha la nyuma nilimwona amesimama kati ya lori na wale mbwa. Niliripoti jioni ile, siku moja kabla ya mwisho.

Yaliyofuata niliyasikia kwa jirani yetu, likizo ya kwanza. Kabichi na mapeasi yalioza pale pale barabarani, jasho la msimu mzima la kijiji. Ekseli nzima ilihitaji kubadilishwa, na lori lilikaa Mombo hadi masika yakapita. Kikao kiliitishwa, na siku zile neno la kuhujumu mali ya umma halikuwa neno la kuchezea. Waliouona ule upakaji walikuwepo kikaoni, wakatazama chini, kila mmoja akingoja baba aseme mwenyewe. Mwenyekiti wa kijiji akamuuliza: uliweka nini kwenye gurudumu? Baba akasimama akasema, "Beringi ilikuwa imekwisha, nami sikuwa na grisi. Nilijua, nikaondoka nayo. Kosa ni langu." Akaketi. Hakutaja kopo wala bibi. Mwenyekiti, ambaye hakuwa mtu mbaya, akasema la kuvunda halina ubani, akanyoosha mkono, na baba akampa funguo.

Hakuendesha tena gari lolote mpaka anakufa. Alirudi kwenye jembe, kwenye matuta yale yanayoning'inia, akiwa na mgongo ambao ulishazoea kukaa. Lori likapona, likaletewa dereva kutoka kwingine, kijana mwenye haraka. Lilipopita barabarani, baba alisimama akiwa ameshika mpini, akalisikiliza mpaka limepotea. Wakati mwingine alisema neno moja tu, "kushoto", au "ya nyuma", akaendelea kulima.

Na bibi? Ile likizo ya kwanza alinikalisha kwenye kigoda chake, akanishika mashavu. "Mafuta yangu yalikufikisha?"

Nilimtazama baba. Alikuwa mlangoni ananoa panga, na panga likasimama.

"Yalinifikisha, bibi," nikasema.

Panga likaendelea. Tangu siku ile ndivyo alivyosimulia kwa kila aliyepita: mjukuu wake alikwenda kusoma kwa mafuta ya kondoo wake, na baadaye mwenyekiti akamnyang'anya mwanawe gari kwa wivu. Watu walimwitikia. Hata wale waliokuwa kikaoni walimwitikia, na mpaka leo sijui kama lilikuwa agano au huruma tu.

Nilipokuwa tayari mwalimu, na bibi ameshazikwa, nilimuuliza baba kwa nini hakulitaja kopo kikaoni. Tulikuwa tunamenya viazi. Akafikiri viazi viwili. "Mimi nilikuwa na lori miaka kumi na moja," akasema. "Yeye alikuwa na hilo kopo tu." Kisha akaniambia viazi vyangu navimenya maganda manene.

Sasa nirudi ghalani. Niliingia saa za mchana, mlango ukalia vibaya nilipousukuma, na nikaanza kutoa vitu: magunia, jembe lisilo na mpini, jeki iliyoshika kutu, bakuli la mama lenye tundu. Juu, kwenye dari, nyuma ya vikapu, nikagusa bati. Nikashusha kopo la maziwa ya unga, limefungwa kwa jani la mgomba na kamba. Nikashusha jingine, na jingine. Yalikuwa manane.

Nilikaa juu ya gunia nikimwita mdogo wangu, maana yeye ndiye aliyebaki nyumbani miaka ile. Akalichukua moja, akalinusa. "Ya bibi hayo," akasema. "Kila Januari alikuwa anampa baba kopo. Anamwambia, mpelekee dereva mpya, gari la watoto wa shule lisikose mafuta. Baba anasema, nitampelekea, mama. Baadaye bibi anauliza, gari linasemaje? Baba anamwambia, halina kelele."

Miaka minane bibi aliishi baada ya ile safari. Hakuna aliyewahi kuniambia. Nilikuwa Tanga nasoma, kisha nikawa Handeni nafundisha, natuma barua na blanketi, najiona mtoto mwema. Nililia pale, mbele ya mdogo wangu, bila kujificha kwenye kabichi yoyote. Naye aliniacha nilie, akatoka kwenda kupanga mbao.

Siku hizi lami inafika Lushoto. Lile lori liliuzwa kama chuma chakavu, wala hakuna akumbukaye ni lini. Hakuna anayeweka kijiti sikioni. Beringi ikivuma unaongeza sauti ya redio, ikifa unanunua nyingine, nayo inakufa mwakani. Silalamiki. Nimechoka tu, na ningependa kumwambia baba kwamba ile ya mbele kulia niliisikia mwenyewe, kona ya tatu.

Kabla sijaondoka nilifungua kopo lile la mwisho. Mafuta yalikuwa yamegeuka manjano, magumu, yenye harufu kali, lakini yalikuwa mafuta bado. Nikayachota kwa kidole, nikayapasha kwa kiganja, nikazipaka bawaba za mlango wa ghala, ya juu na ya chini. Nikaufungua, nikaufunga. Nikaufungua tena. Haukulia.

Asubuhi yake wakaja mafundi wa mdogo wangu na nyundo zao, wakaanza na mlango ule.